Mataruma Kutoka Kitandani Hadi Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Kidonge saa kumi na mbili asubuhi. Uji saa kumi na mbili na nusu. Miguu ilifunguka saa moja kasorobo. Nimekwama mara mbili: mlango wa chumba cha kulala, kisha sebuleni kati ya kiti na meza. Sikuanguka.

Hivyo ndivyo daktari wa Lubumbashi anavyotaka niandike. Saa, kidonge, mguu, basi. Lakini kushika kalamu siku hizi ni kazi. Mkono unatetemeka, herufi zinazidi kuwa ndogo kila mwezi. Nikishaishika hiyo kalamu sitaiachia hospitali peke yake. Nitaandika na yangu.

Kukwama kwenyewe ni hivi. Kichwa kinasema twende. Mabega yanakwenda. Nyayo zinabaki sakafuni, zimegoma. Nikilazimisha naanguka kifudifudi. Ugonjwa unaitwa Parkinson, huu ni mwaka wa tisa. Mke wangu Astrida ana ufundi wake: anaweka mguu wake mbele ya wangu, nami nauruka. “Vuka muto, Tata Ntumba,” anasema. Tata ni baba, na Ntumba ni binti yetu mkubwa. Nikishauvuka huo mto wake, hatua zinazofuata zinakuja zenyewe. Hakuna daktari aliyemfundisha. Aligundua mwenyewe.

Tukilala tunafungana. Kipande cha kitenge chake cha zamani, cha bluu, kutoka kifundo cha mkono wake hadi changu. Nikiamka kwenda chooni kinamvuta naye anaamka. Kilianza siku nilipoanguka peke yangu nikapasua paji la uso. Miaka mitatu sasa hajalala usingizi mzima. Sijawahi kumwambia asante kwa hilo. Kila nikitaka kusema, namlalamikia uji hauna sukari.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimecheka, na nina haki ya kucheka.

Saidi alinipakia kwenye pikipiki kunitoa hewa. Ni jirani yetu hapa Kapata, nje ya mji wa Kolwezi, baba yake alitoka Kasongo, ana lori la kubeba mahindi na mihogo ya Kasaji. Nilimwomba anipeleke kwenye njia ya reli. Nilitaka kuiona tu. Miaka thelathini na moja niliikagua njia hiyo kwa miguu, kikosi cha Kasaji, nyundo begani, nikitazama mataruma yanayobeba reli, moja baada ya jingine. Hakuna mtu aliyeyakanyaga mengi kuliko mimi.

Nikashuka. Nikakanyaga taruma la kwanza. La pili. La tatu. Nikatembea! Hatua themanini na zaidi, bila kidonge kipya, bila mtu. Saidi nyuma yangu amenyoosha mikono kama anayekimbiza kuku.

“Tata, kumbe weye iko train,” akasema. “Unatembeaka paka ku reli.” Yaani eti natembea relini tu.

Nilipotoka relini na kukanyaga mchanga, nyayo zikaganda papo hapo. Alinibeba hadi kwenye pikipiki. Hata hivyo nimerudi nyumbani na furaha. Miguu haijafa. Inasubiri kuonyeshwa pa kukanyaga.

Jumatatu, 10 Machi

Dereva wa Saidi ameleta habari kutoka Kasaji. Mama mkwe wangu haoni tena vizuri. Anamuuliza Astrida kila siku. Watu wanamwambia atakuja, naye anawauliza lini.

Astrida amefunga sabuni, chumvi na kitenge kipya, amempa dereva avipeleke. Kisha ameosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Hajafika kwao tangu tulipoanza kufungana mikono. Kwa sababu yangu. Wavulana wetu wawili wako Kinshasa. Ntumba yuko mjini Kolwezi na kazi yake, angekuja, lakini binti hawezi kumwogesha baba yake. Kwetu Wakasai hilo halisemwi hata kwa utani. Tuliwahi kumweka mtu wa kunisaidia. Nilimtukana siku ya pili, siku ya tatu hakuja. Ukweli ndio huo. Mimi ni mzee mwenye hasira na ninamla mke wangu maisha yake.

Nikifa kabla hajamwona mama yake, sawa. Mama yake akifa kabla, sitajisamehe.

Jumapili, 16 Machi

Watoto wameamua, na wamechanga kila kitu kabla ya kuniuliza. Upasuaji. Nje, Afrika Kusini.

Naandika kama daktari wa Lubumbashi alivyoeleza ili nisije nikajidanganya baadaye. Nyaya mbili nyembamba zinaingizwa ndani kabisa ya ubongo. Zinapita chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye betri kifuani. Betri inapeleka umeme mdogo, mchana na usiku. Haiponyi. Ugonjwa unabaki. Mkono utatulia, hilo anaahidi karibu kwa hakika. Miguu hakuahidi.

Mwezi uliopita alinipima. Nilikwenda kwake asubuhi bila dawa, nikatembea kwenye korido kwa aibu. Akanipa kidonge, tukasubiri, nikatembea tena, vizuri zaidi. Akasema kile ambacho kidonge kinakisaidia, waya nao huweza kukisaidia. Kile ambacho kidonge hakikigusi, waya hauwezi. Kukwama kwangu kunapungua na kidonge. Kuyumba kwangu wakati wa kugeuka hakupungui sana. Kwa hiyo nitapata nusu mkate.

Ntumba aliniuliza nataka nini hasa. Nikasema nataka mama yako aende Kasaji. Alidhani natania.

Jumanne, 8 Aprili

Hospitali, Afrika Kusini. Wamenyoa kichwa chote. Astrida amekishika akasema kina matuta kama barabara ya Sandoa.

Naogopa. Hapa naweza kuandika. Mbele yake nimejifanya nauliza chakula. Watatoboa fuvu nikiwa macho, maana wanataka kuona mkono unavyojibu. Yuko nesi Mkongomani, mzaliwa wa Likasi, atakayenitafsiria. Nimefurahi kusikia Kiswahili chetu hapa. Nilipomsikia ananisalimu “Jambo, Tata” machozi yalinitoka, nikasingizia mafua.

Bila dawa tangu jana jioni. Herufi hizi nitashindwa kuzisoma. Basi.

Ijumaa, 11 Aprili

Niko hai. Asante Mungu.

Juzi walifunga kichwa changu kwenye chuma kisisogee. Mashine ya kutoboa ilipiga kelele ndani ya mifupa yote, ila haikuuma. Kisha kimya. Nesi akaniambia nizungumze, nihesabu kitu chochote, ili wasikie sauti yangu. Nikaanza kutaja vituo vya reli. Kolwezi, Mutshatsha, Kasaji, Dilolo, na vile vidogo vyote katikati, ambavyo hata ramani imevisahau. Nikafika mpakani nikaanza kurudi. Mara mkono wa kulia ukatulia. Nilikuwa katikati ya kituo na kituo. Nikanyamaza. Daktari akashtuka, akadhani kuna tatizo. Nesi akaniuliza, “Tata, kuko nini?” Nikamwambia hakuna kitu. Mkono umelala.

Baadaye wakauzima tena umeme. Mashine wataiwasha rasmi wiki ya tatu, kidonda kikikauka. Lakini nimeuona. Astrida alikuwa koridoni kwa saa tano nzima, amekaa bila kula. Nilipotolewa alinishika vidole vya miguu, maana kichwani hapakuwa na pa kushika.

Jumatatu, 5 Mei

Kapata. Nyumbani. Mashine inafanya kazi tangu wiki iliyopita. Vidonge vimepungua hadi nusu.

Mkono umetulia kabisa. Nimenyoa ndevu mwenyewe. Nimeshika kikombe kilichojaa. Majirani wote wamepita kuutazama mkono huu, kama mtoto mchanga. “Hautetemeke hata kidogo!” wanasema, na mchungaji wetu ameupiga picha.

Miguu hakuna aliyeiulizia. Miguu imezidi kuwa mibaya.

Leo nimeanguka jikoni. Nilikuwa nageuka kutoka kwenye meza, kushoto, nyayo zikabaki. Astrida alijaribu kunidaka tukaanguka pamoja. Mgongo wake umeumia. Alijilaza sakafuni kidogo, akacheka, kisha hakucheka tena. Nina hasira. Nimekwenda mbali kiasi kile, nimetobolewa kichwa, watoto wamejinyima, ili nije nionyeshe watu mkono? Sikuuomba mkono. Niliomba miguu.

Nimejuta kuandika hivyo. Sifuti.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepiga simu hospitali. Nesi wa Likasi akamwita daktari. Nilieleza. Yeye hakushangaa. Alisema hutokea: umeme unaoutuliza mkono vizuri, wakati mwingine unaichelewesha miguu. Kabla hatujaondoka walikuwa wameniwekea mipango miwili ndani ya mashine. Wa kwanza una mapigo ya haraka. Wa pili una mapigo ya polepole. Nikachukua telekomande, ile rimoti ndogo ya mkononi, nesi akanielekeza kitufe kwa kitufe. Tukaingia mpango wa pili.

Akaniambia nivumilie wiki mbili, na nisiguse tena. Mimi wa kuambiwa nivumilie.

Ijumaa, 23 Mei

Miguu imefunguka.

Naandika tena kwa sababu nimependa kuiandika. Miguu imefunguka. Leo nimetoka chumbani hadi kwenye mlango wa barabarani na kurudi. Nimekwama mara moja tu, kwenye kizingiti, nikavuka bila mguu wa mtu. Nimejioga. Astrida alisimama nje ya pazia akiniita kila dakika. Nikamwambia niko hai, aende zake.

Mkono umerudi kutetemeka. Si kama zamani, ila unaonekana. Kikombe hakijai tena hadi juu. Daktari ameniuliza kwa simu ninachagua upi, mpango wa kwanza au wa pili. Nilimjibu kabla nesi hajamaliza kutafsiri.

Watu hawaelewi. Mama mmoja wa kwaya ameutazama mkono akanisikitikia, akasema kumbe pesa yote imepotea bure. Nilisimama nikatembea hadi jikoni mbele yake, nikamletea kiti. Bado alikuwa anautazama mkono.

Astrida ameniuliza, kwa sauti ya kupita tu, lori la Saidi huenda Kasaji siku gani. Namshukuru Mungu kwa swali hilo kuliko kwa mkono.

Jumapili, 8 Juni

Siku mbaya. Iliharibiwa na mikono yangu mwenyewe, na heshima waliyonipa watu.

Ilikuwa ibada ya shukrani. Desturi yetu ni kwamba mtu aliyetoka kwenye ugonjwa mkubwa hupeleka sadaka na familia nzima, wamevaa kitenge kimoja, wakicheza kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Ntumba alichagua kitenge cha kijani. Nilikuwa na hofu ya kukwama katikati ya kanisa. Wapi! Ngoma ilipoanza, nyayo zilikamata mdundo zikanitangulia. Nimecheza hadi mbele. Akina mama wamepiga vigelegele. Astrida alikuwa kando yangu, hakunishika. Nikasema moyoni, Bwana, sasa unaweza kufanya unavyotaka.

Wakanipa nafasi ya heshima. Kiti cha mbele kabisa, ubavuni mwa bafle, zile spika ndefu kama kabati, ili kila neno linifikie vizuri. Nani angekataa? Wakaniita kutoa ushuhuda. Nikasimama, nikayumba kidogo, nikaikumbatia spika nisianguke. Nikatoa ushuhuda mzima nimeiegemea kwa kifua, upande wenye betri.

Nilipomaliza, mkono ukaanza. Kwanza vidole, kisha mkono wote, kisha taya. Nikataka kurudi kitini, nyayo zikagoma. Nikabaki nimesimama mbele ya kanisa zima, natetemeka kama zamani, na zaidi, maana vidonge tulikuwa tumepunguza. Watu wakaanza kuomba. Mmoja akapaza sauti kwamba kuna mtu ndani ya kanisa hapendi nipone. Nikaona vichwa vinageuka kumtafuta mchawi. Hilo liliniogopesha kuliko mkono.

Astrida ndiye aliyepita katikati yao.

“Muache kutafuta ndoki!” akapiga kelele. “Ni mashini njo imezimika! Ni sumaku ya bafle!”

Hospitali walikuwa wametuambia. Sumaku kubwa isikaribie kifua. Sisi tulifikiria sumaku za migodini na milango ya uwanja wa ndege. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya kila spika kuna sumaku. Na telekomande? Nyumbani, kwenye droo, imefungwa kwa leso isiingie vumbi. Saidi, ambaye alikuwa nje ametusubiri kwa heshima, alikwenda kuichukua kwa pikipiki. Mimi nilingoja nimeshikwa na wanaume wanne. Astrida akabonyeza. Baada ya muda mkono ukapungua.

Mchungaji ameomba radhi. Hana kosa. Aliniweka mahali pazuri kuliko pote alipokuwa napo.

Jumatatu, 9 Juni

Astrida amesema hivi, akipepeta mchele, bila kuniangalia:

“Kasaji siende tena. Siku ingine ikizimika, nani atakuwashia?”

Jioni tumefungana tena kitenge.

Jumatano, 11 Juni

Nimefikiri siku mbili. Kwenye reli, tulipokuta msumari umelegea, hatukusimamisha treni mwaka mzima. Tulipiga msumari.

Msumari wa kwanza: telekomande haitakaa tena kwenye droo. Ntumba amenishonea mfuko mdogo, nauvaa shingoni, unakaa tumboni mbali na betri.

Msumari wa pili: sakafu. Daktari amekubali, amesema mistari inasaidia miguu hata kwa wenye mashine. Nimemwita Saidi na kopo la rangi nyeupe. Mistari kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, mmoja mmoja, sambamba. Mataruma. Nilikaa kwenye kiti nikamsimamia kwa kamba ya kupimia, kama nilivyowasimamia vijana wa kikosi. Saidi akasema mataruma haya yamekaribiana mno, treni gani hii. Nikamwambia ni treni ya wazee. Mstari wa nne ulipinda nikamfanya aufute kwa petroli. Amenung'unika, lakini amefuta. Mtu huyu ni ndugu yangu kuliko niliozaliwa nao.

Astrida amerudi kutoka sokoni, ametazama sakafu yake. Amesema nimeharibu nyumba. Kisha ameukanyaga mmoja, wa pili, hadi jikoni.

Jumatano, 18 Juni

Msumari wa tatu ndio mgumu. Niliomba ruhusa kwa daktari kwanza, kwa simu. Alisita. Akakubali kwa masharti: niwe nimekaa, mke wangu awe chumbani, nusu saa isipite.

Saa nne asubuhi nikamwita Astrida akae mbele yangu. Nikatoa telekomande. Nikazima mashine mwenyewe.

Aliruka kitini, presha imempanda. “Unataka kuniua na tension, Tata Ntumba!” Nikamwomba akae. Nikamwambia akishika telekomande hii leo, nitaitupa shimoni. Akakaa, amekunja mikono, na macho yananichoma.

Tukasubiri. Baada ya dakika chache vidole vikaanza. Kisha mkono. Kisha taya, hata sikuweza kusema. Mwili ukakaza. Nikaacha uje wote, nilitaka aone nikiwa katika hali mbaya kabisa. Kisha nikachukua telekomande kutoka mapajani. Ikaanguka. Nikainama taratibu nikaiokota. Kidole kikapita kitufe, kikarudi, kikapita tena. Nikaubana mkono wa kulia kwenye goti, nikaushika kwa wa kushoto. Jasho linanitoka. Astrida amejikalia juu ya mikono yake asinisaidie, machozi yanamshuka, hayafuti.

Nikabonyeza. Ikawaka.

Tulisubiri hadi mkono ulipotulia kiasi chake. Hapo nikamwambia. Nilimwambia asante kwa kitenge cha bluu. Kwa miaka mitatu ya usingizi. Kwa mguu wake mbele ya wangu, kwa siku zile nilizomlalamikia uji. Nilisema yote bila mpangilio, nikachanganya Kiswahili na Tshiluba cha kwetu Kasai, ambacho hata hakielewi vizuri. Akasema nipunguze kelele, majirani watadhani tunagombana.

Kisha ameingia chumbani. Nimesikia analitoa begi juu ya kabati.

Ijumaa, 27 Juni

Ameondoka saa kumi na mbili na nusu, lori la Saidi, mbele kando ya dereva.

Baridi ya Juni, vumbi bado limelala. Nilimsindikiza hadi barabarani kwa miguu yangu. Nilibeba begi dogo. Nilikwama mara moja penye mfereji, akanitazama, hakutoa mguu. Nikasubiri, nikahesabu tatu, nikavuka.

Ntumba atapita mchana na jioni kuleta chakula. Saidi atagonga asubuhi na usiku. Yote yamepangwa, Astrida ameyarudia mara nane.

Kikapu cha zawadi za mama yake kilikuwa kimejaa mno, kifuniko hakifungi. Akatafuta kamba. Akaingiza mkono ndani ya mkoba, akatoa kitenge cha bluu. Kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa. Akafunga nacho kikapu, mafundo mawili, akavuta kwa nguvu.

Lori lilipokata kona nilishika kifundo cha mkono wangu. Pana alama, mahali ambapo kitenge kilisugua usiku kwa miaka mitatu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeamka peke yangu. Nyumba kimya. Kidonge saa kumi na mbili.

Amepiga simu kutoka Kasaji asubuhi hii. Swali la kwanza: “Ulianguka?” Nikamwambia hapana. Kisha akasema mama yake hamwoni tena kabisa. “Lakini alinishika ku uso,” akasema. “Akapapasa, akapapasa, akasema: njo weye.” Yaani ni wewe kweli. Nilimsikia mama mkwe nyuma akiuliza ni nani kwenye simu. Nikainamisha kichwa, kama vile mama mkwe angeniona.

Baada ya hapo nikainuka kwenda kuchemsha chai. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi mlango wa chumba. Hapo nyayo zikagoma. Mashine inafanya kazi, mistari ipo, na bado zimegoma. Ndivyo zilivyo siku nyingine, na daktari aliniambia mapema.

Nikasimama. Nyumbani hakuna mtu wa kuweka mguu.

“Vuka muto, Tata Ntumba,” nikasema kwa sauti.

Nikavuka. Chai nimeinywa nimesimama mlangoni, kikombe nusu kwa sababu ya mkono. Nimemshukuru Mungu. Sukari nimezidisha.